Leza ya faiba ya mapigo mafupi: anza na mita 2 ndo uanze kukata

Wadau, mdogo wangu mmoja wa Uyole kaniuliza leza inayotoa mapigo mafupi sana tena mamilioni kwa sekunde inaundwaje, naandika hapa ili na wengine mpate.

Mwanga unazunguka kwenye duara la faiba (uzi mwembamba wa kioo) kama mkimbiaji pale uwanja wa Sokoine, kila akipita getini kipande kinatoka nje, hicho ndo pigo. Ndani ya faiba mwanga unakwenda kama sentimita 20 kwa nanosekunde moja, so duara la mita 2 linakupa megahezi 100 hivi, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde, mita 1 inakupa 200. Hesabu ni hiyo tu, ila usikimbilie duara fupi! Miliwati 10 ukizigawa kwa megahezi 100 kila pigo linapata nanojuli 0.1, ukifika gigahezi 1 linabaki na 0.01, na pigo dhaifu halina nguvu ya kujibana lenyewe.

Utahitaji faiba ya erbiamu (hiyo ndo inakuza mwanga), pampu ya nanomita 976 (leza ndogo ya kuipa nguvu) na kapla yake (kiungo cha kuingiza au kutoa mwanga), aizoleta (inapitisha mwanga upande mmoja tu) yenye polaraiza, kapla ya kutolea asilimia 10, na vile vipedali vya kupinda faiba. Vipedali ndo roho ya mchezo: mwanga mkali unageuza polaraizesheni yake (uelekeo wa mtetemo wake) zaidi ya ule hafifu, unavizungusha taratibu mpaka mkali upite na hafifu ukwame, hapo leza inaloki, yaani inatoa mapigo kwa mpangilio. Mi nilipoteza wiki nzima mwezi wa 7, asubuhi ya baridi inaloki vizuri, saa saba jua likipiga dirishani inaachia, kumbe joto linavuta faiba. Nikafungia kila kitu kwenye boksi la sponji nene na kugundisha faiba mezani kwa tepu, ikatulia.

Kuunga, mashine ni ileile ya mafundi wa faiba wa mtaani. Futa kwa spiriti, kata wima kabisa, vumbi letu jekundu la kiangazi halina huruma. Faiba ya kawaida kwa ya kawaida ukiona zaidi ya desibeli 0.05 kata urudie, ya erbiamu itapoteza zaidi kidogo maana viini vyake havilingani.

Kwenye osiloskopu tafuta mapigo yenye kimo kimoja, kila moja baada ya nanosekunde 10. Yakipanda na kushuka kama milima ya maikrosekunde bado haijaloki sawasawa, gusa vipedali au ongeza pampu kidogo. Fotodayodi (kihisi mwanga unachounga kwenye osiloskopu) inakuonyesha mwendo tu, femtosekunde (sehemu ya milioni ya nanosekunde) haizioni, urefu wa pigo unapimwa kwa otokorileta.

Ikishatulia ndo ukate sentimita 20, uunge, uloki upya, ukate tena. Gigahezi 1 kwa duara ni tabu sana maana vifaa vyenyewe haviingii kwenye sentimita 20, huko wengi wanatumia faiba iliyonyooka ya sentimita 10 yenye vioo pande zote mbili, kimoja cha semikondakta kinachonyonya mwanga hafifu na kurudisha mkali.

Na jamani macho! Nanomita 976 za pampu na 1550 za leza yenyewe zote hazionekani, vaa miwani ya leza inayozuia namba hizo mbili, na usichungulie ncha ya faiba hata kama unaamini pampu umezima, angalia swichi kwanza.