Mashini ya kwanza ya kushona: ijaribu kabla hujalipa

Ndugu unayeanza ushonaji hapa Bukavu, kabla hujapanda soko la Kadutu na dolari zako, achana kwanza na mashini ya umeme yenye mishono ya maua. Umeme ukikatika, nguo ya mteja inalala. Tafuta ile nyeusi ya miguu, kama Butterfly: imeundwa kwa mfano wa Singer 15 ya zamani, ndiyo maana bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) na vipuri vyake havisumbui kupatikana, na mafundi wengi wanaijua. Ya mtumba si mbaya. Rangi iliyochubuka haizuii kushona.

Nenda na vipande vyako, kitenge na jinzi iliyokunjwa mara nne. Kitambaa cha muuzaji kikatae, mashini yake imeshakizoea! Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Likikwama palepale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda ndani. Kisha tikisa chuma kinachobeba sindano: kikichezacheza sana, iache, hata akupunguzie nusu.

Vitanzi vya uzi chini ya kitambaa visikutishe. Mara nyingi ni uzi wa juu umelegea au umepitishwa vibaya. Kwa kitenge, sindano namba 90. Mafuta, ya mashini tu, mawese yabaki jikoni.