Samaki msafishaji: tazama mdomo, usitazame mstari

Kwenye matumbawe ya Chumbe au Mafia utaona kisamaki chembamba, urefu wa kidole, chenye mstari mweusi unaopanuka kuelekea mkiani. Kabla hujakiandika kuwa ni msafishaji, Labroides dimidiatus, samaki anayewala vimelea walio kwenye miili ya samaki wengine, kitazame mdomo kutoka ubavuni. Mdomo wa msafishaji uko nchani kabisa. Mwigaji wake, Aspidontus taeniatus, ana pua iliyochomoza na mdomo uko chini yake, kama wa papa. Rangi haitakusaidia: mwigaji huiga hata mwogeleo wa kuchezacheza, akapata kuwakaribia samaki wengine na kunyofoa mapezi yao. Ukiwa juu yake hutaona tofauti, kwa hiyo zama mpaka usawa wake. Makinda ya msafishaji nayo hupotosha, kwani ni meusi yenye mstari wa buluu.