Supu ya joumou: supu ya boga ya Wahaiti, hatua kwa hatua

Mwishoni mwa Desemba wifi yangu alinipigia simu kutoka Arusha, nyama iko jikoni, boga liko mezani, anataka nimwelekeze kupika supu ya joumou. Tulikaa kwenye simu karibu saa mbili, na zaidi ya saa nzima ikaishia kwenye boga. Nimeona heri niyaandike yote hapa, maana nami boga ndilo lililonitesa.

Nilifundishwa supu hii Montreal na mama mmoja wa Jacmel, mji wa Haiti, tuliyekuwa tukipika naye jiko moja. Wahaiti huila tarehe 1 Januari, siku ambayo mwaka 1804 Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru wa nchi yao mjini Gonaïves. Husimulia kwamba enzi za utumwa wazee wao waliipika kwa ajili ya mabwana wa Kifaransa, wala hawakuruhusiwa kuila. Baada ya uhuru ikawa ya kila mtu. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, ya kwanza kwa Haiti. Ipike kwa utulivu basi, na uanze usiku wa kuamkia sikukuu. Vipimo hivi ni vya watu 8.

Hatua ya 1: Epis

Epis ni viungo vibichi vilivyotwangwa, na karibu kila chungu cha Haiti huanzia hapo. Chukua kishada cha vitunguu vya majani, punje 8 za vitunguu saumu, nusu ya pilipili hoho, fungu la pasli, thaimu kidogo, karafuu 4 na chumvi. Twanga, kisha kamulia ndimu. Ukikosa pasli tumia kotimiri, ingawa ladha itahama kidogo.

Tumia kinu. Blenda haizunguki bila maji, na epis yenye maji inateleza juu ya nyama badala ya kuingia. Karafuu pia usiiruke. Wao huiita jiwòf, na mtu wa Pemba akifunuliwa sufuria hii ataitambua kabla hajaonja.

Twanga ya kutosha kubaki. Kesho yake utaipaka nyama ya mbuzi, uichemshe kwa danzi kisha uikaange. Hiyo ndiyo tasso. Huliwa na mzuzu uliokaangwa, ukabanwa bapa, ukarudishwa kwenye mafuta, pamoja na pikliz, yaani kabichi, karoti na pilipili mbuzi vilivyolala kwenye siki.

Hatua ya 2: Nyama

Kilo 1 ya muundi wa ng'ombe, na mfupa wake. Ioshe kwa ndimu, au kwa danzi ukilipata, kwa kuwa chungwa kali ndilo wanalolitumia Haiti. Paka vijiko vinne vikubwa vya epis, funika, ilale. Asubuhi ikaange ipate rangi, tia lita 3 za maji, chemsha hadi ilainike.

Hatua ya 3: Boga

Hapa usikimbie.

Mara yangu ya kwanza nilinunua lile boga kubwa la rangi ya machungwa linalojaa madukani kule mwezi Oktoba, ambalo watu hulichonga sura na kuweka mshumaa ndani. Ni zuri kwa macho tu. Nyama yake ina maji na nyuzi. Nililichemsha kwenye maji mengi, nikasaga, nikamimina kwenye sufuria pamoja na mboga zote. Ikatoka rangi ya maji ya mchele. Nikaiacha ichemke zaidi ya saa tatu nikitumaini itakuwa nzito, viazi vikavurugika, na supu ikabaki nyepesi vilevile.

Joumou la Haiti ni boga lenye nyama kavu iliyokolea rangi. Afrika Mashariki tuna bahati, maboga kama hayo yapo sokoni. Yule mama alikuwa akiligeuza boga, anaangalia kikonyo kama kimekauka kabisa, kisha anabonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiingia, analirudisha. Mimi naongeza moja: mwombe muuzaji alikate mbele yako. Likiwa na rangi ya njano iliyopauka, au maji yakitiririka kwenye kisu, nenda meza nyingine.

Unahitaji kilo 1 na nusu. Toa mbegu, kata vipande vikubwa, ganda usilimenye. Lipike peke yake kwenye maji yasiyozidi kikombe kimoja, umefunika. Likiiva, kwangua nyama kwa kijiko, kisha lisage kwa mchuzi wa ile nyama ya ng'ombe, si kwa maji ya bomba. Anza na vikombe viwili vya mchuzi. Chovya mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, inatosha. Mstari ukijifunga, punguza mchuzi.

Wifi yangu alipata boga zuri, ila lilikuwa na nyuzi. Nilimwambia alipitishe kwenye chujio akilikandamiza kwa mgongo wa upawa. Kama lako lina maji, liweke kwenye chujio nusu saa kabla ya kusaga. Likizidi utamu, ndimu ya mwisho itarekebisha. Lakini usitie unga wa ngano kuongeza uzito. Supu itanata mdomoni na ladha ya boga itafifia.

Hatua ya 4: Mboga

Rudisha boga kwenye sufuria ya nyama. Tia viazi 3, karoti 3, seleri, liki, na robo ya kabichi.

Juu yake weka pilipili mbuzi moja, nzima, na kikonyo chake. Ikague kwanza, isiwe na ufa. Kazi yake ni kutoa harufu tu. Ikipasuka ndani, watoto hawataila tena. Kuanzia hapo koroga ukipita pembeni mwa sufuria, na uiopoe mara viazi vinapoiva.

Hatua ya 5: Tambi

Gramu 150 za tambi au makaroni, mwishoni kabisa. Zikikaribia kuiva zima moto, tia kijiko cha siagi na maji ya ndimu moja. Pakua na mkate.

Ukijua wageni watachelewa, chemsha tambi kando na umtilie kila mtu bakulini mwake, maana zikilala kwenye supu hunywa mchuzi wote. Iliyobaki ipashe asubuhi kwa kikombe cha maji ya moto, moto mdogo, na uonje chumvi upya.