Shika Mtoto Mmoja: Namna ya Kusoma Malimwengu Sambamba ya Komiki za Marekani Bila Kupotea

Wasomaji wengi wanaoanza komiki za DC na Marvel hutafuta kwanza ramani ya malimwengu yote, na hapo ndipo wanapochokea. DC imevunja na kujenga upya mpangilio wake mara kadhaa tangu 1985. Marvel nayo ina dunia nyingi zenye namba, na hakuna msomaji anayehitaji kuzijua zote. Njia inayofaa ni kuchagua shujaa mmoja kijana na kumfuata toleo kwa toleo. Kijana ana umri unaohesabika, ana wazazi, na ana mkubwa aliyemfundisha kazi. Wahariri wakibadilisha ulimwengu, Batman hubaki Batman. Kijana ndiye hupoteza mama, jina, au sababu nzima ya kuwapo kwake, kwa hiyo ukiona maisha yake yametikisika, ujue umefika penye ufa.

Anza na daftari

Chora safu tano: jina halisi la mhusika, dunia yake, jina la mfululizo pamoja na mwaka ulioanza, namba ya toleo, na kivuko. Kivuko ni toleo ambalo mhusika anahama dunia, au dunia yenyewe inabadilika chini ya miguu yake.

Jina halisi ni lazima kwa sababu jina la vazi hurithiwa. Ukiandika "Robin", jina la msaidizi kijana wa Batman, hujaandika kitu. Dick Grayson alianza katika Detective Comics namba 38 ya 1940, Jason Todd akaja 1983, Tim Drake 1989, Damian Wayne 2006. Ni wavulana wanne wenye asili nne tofauti.

Mwaka nao ni lazima kwa sababu namba 1 zimejaa. Ultimate Spider-Man ya 2000 ilikwenda hadi namba 133, ikafuatiwa na mfululizo mpya ulioanza tena namba 1 mwaka 2009. Ulipofika namba 15, toleo lililofuata likabandikwa namba 150. Asiyejua hilo atatafuta matoleo zaidi ya mia moja yasiyokuwapo kamwe. Mara nyingi sababu ya michezo hii ni ya kibiashara: namba 1 huuza, na namba kubwa ya mviringo huuza pia.

Jihadhari na tarehe ya jalada. Kwa miongo mingi ilitangulia siku ya kuuzwa kwa miezi miwili au zaidi, ili muuzaji asiliondoe gazeti mapema kwenye rafu. Action Comics namba 1 ina jalada la Juni 1938 lakini ilitoka Aprili. Ukipanga mifululizo miwili inayoingiliana, tumia aina moja ya tarehe kote. Ukichanganya, utasoma matokeo kabla ya chanzo.

Humu dunia zinaitwa Dunia-1, Dunia-616 na kadhalika. Ukizitafuta mtandaoni, weka neno Earth mahali pa Dunia.

Mambo manne yanayofanana na siyo mamoja

Kabla ya kujaza safu ya dunia, jua unatazama nini.

La kwanza ni ulimwengu sambamba wa kweli: dunia mbili zipo kwa wakati mmoja na mtu anaweza kuvuka. Kwa DC mlango ulifunguliwa katika The Flash namba 123 ya 1961, iliyoandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Carmine Infantino. Barry Allen, Flash mpya, anatikisa mwili wake kwa kasi mno, anajikuta katika mji wa Jay Garrick, Flash wa 1940 ambaye yeye alimjua kama mhusika wa komiki tu. Mwaka 1963 dunia hizo zikapewa majina, na hapa wengi hujikwaa: mashujaa wa zamani ndio walioitwa wa Dunia-2, na wapya wakawa wa Dunia-1. Usipange kwa umri. Mtoto atakusaidia. Katika Justice League of America namba 55 ya 1967, Robin wa Dunia-2 ni mtu mzima, wakati mwenzake wa Dunia-1 bado ni kijana chini ya Batman. Dick Grayson ni yule yule, umri ni mbalimbali, basi hizo ni dunia mbili.

La pili ni wakati mwingine: mustakabali unaoweza kutokea au kuzuiwa. Katika Uncanny X-Men namba 141 na 142 za 1981, fahamu ya Kitty Pryde, msichana wa kundi la X-Men, aliyekomaa inarudishwa ndani ya mwili wake wa miaka 13 ili azuie mauaji ya kisiasa. Marvel baadaye iliupa mustakabali huo namba yake, Dunia-811, na ndiyo maana wasomaji huuchanganya na la kwanza. Kipimo ni kuuliza kama dunia hizo mbili ziliwahi kuwa na historia moja kisha zikagawanyika kwenye tukio moja. Zikiwa hivyo, andika tukio hilo kwenye safu ya kivuko.

La tatu ni kuanza upya: dunia ya zamani haikuachwa kando, imefutwa au kuandikwa upya, na wahusika kwa kawaida hawakumbuki. Hili ndilo linaloumiza vijana, nasi tutalikalia sana hapa chini.

La nne ni hadithi ya kando, kama zile za What If za Marvel ("ingekuwaje kama") zilizoanza 1977. Isome kwa raha yake wala usiiingize kwenye daftari mpaka mhusika wake avuke kuja kwenye mfululizo mkuu.

Zoezi la kwanza: Miles Morales

Anza na huyu, Spider-Man kijana wa Marvel. Njia yake ni fupi, ina kivuko kimoja kikubwa, na waliomwandika waliulinda moyo wake.

Soma kwanza Ultimate Spider-Man namba 156 hadi 160 za 2011, ambamo Peter Parker, Spider-Man wa Dunia-1610 (dunia ya mifululizo ya Ultimate), anakufa. Usiruke, kwa sababu uzito wote wa Miles umetoka hapo: ni mvulana wa miaka 13 anayevaa vazi la mtu aliyezikwa. Kisha Ultimate Fallout namba 4 ya Agosti 2011, anapoonekana mara ya kwanza. Brian Michael Bendis ameandika, Sara Pichelli amechora sehemu yake. Ni kurasa chache tu. Halafu Ultimate Comics: Spider-Man iliyoanza 2011, namba 1 hadi 28. Spider-Men ya 2012, matoleo matano, isome katikati ya hizo. Humo Peter wa Dunia-616, dunia kuu ya Marvel, anavuka kwa mara ya kwanza na kukutana na Miles, na Shangazi May wa dunia ile anamwona Peter aliye hai. Baada ya hapo fuata Miles Morales: Ultimate Spider-Man ya 2014, namba 1 hadi 12.

Sasa kivuko. Dunia-616 na Dunia-1610 zinagongana, na yanayofuata yako katika Secret Wars ya 2015, matoleo tisa. Usiichanganye na ile ya 1984 yenye jina hilo hilo. Mikusanyo ya pembeni ya tukio hili ni mingi mno. Iache, soma tisa tu. Humo Miles anampa Molecule Man, mtu mwenye nguvu za kuunda ulimwengu, mkate wa nyama (hambaga) uliokaa mfukoni kwa wiki kadhaa, na Molecule Man halisahau jambo hilo. Dunia-616 inapojengwa upya, Miles na familia yake wanapata nafasi ndani yake.

Hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea. Mama yake, Rio Morales, anauawa katika toleo la 22 la mfululizo wa 2011. Msomaji anayetoka hapo na kurukia Spider-Man ya 2016 anamkuta Rio jikoni, mzima, na anadhani mwandishi amesahau. Hakusahau. Kurudi kwa mama ndiyo malipo ya ule mkate. Toleo moja likikosekana, tendo zuri kuliko yote katika hadithi nzima linaonekana kama uzembe.

Mfululizo wa 2016 nao una mtego wa namba: baada ya 21 linakuja 234. Ni hesabu ya urithi tu, yaani namba za mifululizo ya zamani zimejumlishwa, nao umeendelea pale pale.

Gwen Stacy wa Dunia-65, ambako yeye ndiye mwenye nguvu za buibui, ni mwepesi zaidi. Edge of Spider-Verse namba 2 ya 2014 inajitosheleza. Anza nayo, kisha uingie mfululizo wake wa 2015.

Zoezi gumu: Donna Troy

Ukishamwelewa Donna Troy, yule Wonder Girl wa DC, hakuna mhusika wa DC atakayekushinda. Shida yake ilianza kabla hata hajazaliwa. Katika miaka ya mwisho ya 1950 jina Wonder Girl lilikuwa la Wonder Woman mwenyewe, Diana, katika hadithi za usichana wake. Baadaye zikaja hadithi ambazo Diana mtu mzima, msichana na mtoto mdogo wanaonekana pamoja. Mwaka 1965, katika The Brave and the Bold namba 60, Wonder Girl akawekwa ndani ya Teen Titans, kundi la mashujaa vijana, pamoja na Robin, Kid Flash na Aqualad. Yaani Diana wa zamani alikuwa akifanya kazi na vijana wa sasa, na hakuna aliyeeleza imekuwaje.

Fanya hivi. Kwenye daftari mpe kurasa mbili, moja ya kabla ya 1985 na nyingine ya baadaye. Kwenye ya kwanza andika Teen Titans namba 22 ya 1969: Marv Wolfman anampa asili yake mwenyewe, mtoto yatima aliyeokolewa na Wonder Woman katika moto na kulelewa na Waamazoni, wanawake mashujaa wa kisiwa cha Diana. Jibu safi, na lilidumu. Endelea na The New Teen Titans ya 1980 ya Wolfman na George Pérez, ambayo mpaka leo ni mlango bora kuliko yote wa kuingilia mashujaa vijana wa DC.

Kisha soma Crisis on Infinite Earths, tukio la DC lililofuta na kuandika upya dunia zake, matoleo 12, jalada la Aprili 1985 hadi Machi 1986. Isome mfululizo, bila matoleo ya pembeni mara ya kwanza. Tia alama tatu: namba 7 anapokufa Supergirl, namba 8 anapokufa Barry Allen, na namba 12 Wally West anapoacha vazi la Kid Flash na kuwa Flash. Katika namba hiyo ya mwisho pia wanakufa Robin wa Dunia-2 na Helena Wayne, binti wa Batman wa dunia hiyo. Dunia yao ilikuwa imeondolewa, na hao wawili hawakuwa na pa kukaa.

Ukurasa wa pili wa Donna unafunguka 1987, Wonder Woman anapoanzishwa upya kama mgeni aliyefika Marekani mwaka ule ule. Hesabu inakataa: nani basi alimwokoa Donna kwenye moto miaka mingi nyuma? The New Titans namba 50 hadi 54 zinampa asili mpya, ameokolewa na Rhea wa Watitani wa kale, naye baadaye anachukua jina Troia. Baadaye kuna majibu mengine tena. Usijaribu kuyapatanisha. Yaandike kwa mpangilio wa miaka ya kuchapishwa, na kila unaposoma toleo, tazama mwaka ujue asili ipi inatumika humo. Anayetaka asili moja iliyo sahihi atamwacha Donna njiani, nayo itakuwa hasara, maana ni miongoni mwa wahusika wenye utu mkubwa katika kundi lile.

Unaponunua mkusanyo

Mkusanyo mmoja kwa kawaida hubeba matoleo matano au sita, kila moja la kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Usiamini namba kwenye mgongo wa kitabu. Fungua ukurasa wa hakimiliki. Pale kwa maandishi madogo pameorodheshwa matoleo yaliyomo. Linganisha na daftari kabla ya kulipa. Mikusanyo ya matukio makubwa mara nyingi huacha toleo la mfululizo mwingine lenye kivuko chenyewe.

Majina mawili, na mtoto aliyevunja ukuta

Wally West anahitaji mistari miwili. Flashpoint ya 2011, matoleo matano, ilianzisha upya karibu kila kitu na yeye hakuonekana tena. Mwaka 2014 akaja Wally West mwingine, kijana Mweusi. Mwaka 2016 katika DC Universe: Rebirth namba 1 yule wa kwanza akarudi, na ikaelezwa kuwa wote wawili wamepewa jina la babu mmoja. Sasa wako dunia moja. Mwite wa pili Wallace kwenye daftari, kama waandishi walivyozoea kumwita, na mkanganyiko utaisha.

Malizia na Superboy-Prime, kwa mpangilio huu: DC Comics Presents namba 87 ya 1985, Crisis namba 10 hadi 12, kisha Infinite Crisis ya 2005, matoleo saba. Katika ya kwanza ni mvulana wa dunia ambayo mashujaa wamo vitabuni tu. Katika Crisis dunia yake imepotea, naye anaondoka kwenda mahali pa amani. Miaka 20 baadaye, kwa hasira ya aliyefungiwa nje, anapiga kuta za uhalisia kwa ngumi, na kila pigo linabadilisha kitu upande wa pili. Pigo mojawapo ndilo lililomrudisha Jason Todd, Robin aliyeuawa mwaka 1988 baada ya wasomaji kupiga kura kwa simu, 5,343 dhidi ya 5,271. Maelezo hayo yako katika Batman Annual namba 25 ya 2006. Liweke baada ya Infinite Crisis, si pamoja na matoleo mengine ya Batman ya mwaka ule, la sivyo utamwona Jason akifumbua macho kaburini bila kujua ni mkono wa nani uliogonga.