Jinsi ya kulima mlau bonde la Rufiji

Wageni wakija kulima huku swali la kwanza ni "nipande mwezi wa ngapi?" na hapo ndo wanapokosea. Mlau ni kilimo cha baada ya mafuriko, yani mto unajaa masika, mara nyingi kilele mwezi wa nne, afu maji yakianza kurudi mtoni lile tope linalobaki ndo mbolea yako na unyevu wake ndo mvua yako, hutegemei nyingine.

Kwahiyo angalia maji, achana na kalenda. Anza sehemu za juu maana ndo zinakauka mwanzo, afu shuka nayo taratibu hadi mabondeni. Kabla hujapanda chimba kina cha kiganja, chota udongo ufinyange. Ukinatanata kwenye vidole bado, subiri. Ukifanya donge, ukilibonyeza linavunjika, panda siku hiyohiyo usilale, maana udongo ukishapasuka nyufa za kuingia kidole unyevu umeshakimbilia chini na itabidi uchimbe mashimo marefu, mbegu ndogo haitoboi hapo.

Chukua mahindi ya muda mfupi, katikati weka kunde na maboga, yanatambaa yanafunika ardhi isikauke haraka, na majani unachuma mboga hata boga halijakomaa, mi kwa hilo siwezi kulima mlau bila maboga kwakweli. Matete yapige jembe yakiwa machanga.

Ulinzi sasa. Nyani mchana, nguruwe usiku, kwahiyo jenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, uhamie huko kabla mahindi hayajabeba. Ukikuta njia ya kiboko, ile iliyokanyagwa ikaacha mgongo wa majani katikati, usilime juu yake, atapita tu. Na maji usichote palepale kila siku saa ileile, mamba anakariri, tafadhali sana hasa mkiwatuma watoto.

La mwisho, mbegu usimwage zote kwa mkupuo. Bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme huko juu kwenye mto huuhuu wa Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022 kwahiyo ujazo wa mto sio ule waliouzoea wazee, na Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba mengi sana. Theluthi moja iache kwenye magunzi na maganda yake, funga ning'iniza juu ya jiko moshi uipate, mafuriko yakija tena una cha kupandia.