Jinsi ya kupunguza majibu unapotafuta faili kwenye kompyuta

Simama katikati ya Marikiti uite "Mohamed!" Watageuka watu ishirini, na huyo unayemtaka huenda hata hayumo. Ndivyo inavyokuwa ukiandika "kadi" kwenye kompyuta ya duka langu la saiba hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Kadi za harusi zimo, za kliniki zimo, za michango, za biashara, zote zinaitika.

Juzi aliingia mama mmoja wa Mji wa Kale. "Mwanangu, ile kadi ya harusi ya binti yangu bado unayo? Nataka hiyo hiyo ubadilishe jina tu, sasa anaolewa mdogo wake."

"Haikosi, mama. Tuliitengeneza lini?"

"Ramadhani ya 2024, tulikuwa twangoja Idi ipite."

Sikumuuliza faili iliitwaje. Jina la faili hakuna anayelikumbuka, hata mimi niliyeliandika. Wakati ndio watu hawausahau. Nitakuonyesha nilivyoipata, kwa Windows 10 au 11.

Hatua ya 1: Chagua pa kuanzia

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, File Explorer ifunguke. Usianze kutafuta ukiwa This PC, kwa sababu hapo umeiambia mashine ipekue diski zote. Ingia kwenye folda unayodhani faili imo, kisha bonyeza Ctrl na F. Mashine itatafuta kuanzia pale ulipo na kushuka kwenye folda za ndani, haipandi juu. Mimi niliingia folda ya kazi za wateja, na mambo yangu ya nyumbani yakawa yamekwisha kuondoka njiani.

Hatua ya 2: Jina na aina

Ukiandika neno tupu, mara nyingi mashine huleta hata barua ambazo neno hilo limo ndani yake tu. Kwa hiyo andika:

name:kadi

Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kama neno limejificha katikati ya jina refu, lizungushie nyota: name:*kadi*

Sasa ongeza aina ya faili, yaani zile herufi zinazokuja baada ya nukta mwishoni mwa jina. Kadi mimi huzichora kwa programu ya Publisher, ambayo faili zake huishia na pub, na kumtumia mteja PDF, basi:

name:kadi (ext:pub OR ext:pdf) NOT kliniki

OR na NOT ziandikwe kwa herufi kubwa. Ukiziandika kwa herufi ndogo, mashine huzichukua kama maneno ya kawaida ya kutafutwa, na utabaki ukishangaa mbona hakuna kitu.

Hatua ya 3: Tarehe

Hapa ndipo penye kazi. Ramadhani ya 2024 iliangukia Machi na Aprili, kwa hiyo niliongeza:

datemodified:10/03/2024..12/04/2024

Nukta mbili zilizofuatana katikati zina maana ya "kuanzia hapa hadi pale". Usijibane, ukiwa na shaka, ongeza wiki moja kila upande.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mpangilio wa tarehe. Kompyuta nyingi za mtumba huja zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi mbele na siku nyuma. Mashine ya namna hiyo itaisoma tarehe yangu kuwa ni tarehe 3 Oktoba hadi 4 Desemba. Haitakwambia umekosea, itakuletea kadi za Oktoba bila haya. Kabla ya kuandika, tazama tarehe iliyo chini ya saa pembeni mwa skrini, uone ni namba gani inayotangulia.

Wa pili ulinigharimu asubuhi nzima. Nilipobadilisha kompyuta, nilihamisha faili zote kwa diski ya nje, kisha nikawa natafuta kwa datecreated. Faili zote zikaonekana zimezaliwa siku moja, ile siku niliyozihamisha! Faili ikinakiliwa mahali pengine, tarehe ya kuundwa huwa mpya, lakini tarehe ya kuhaririwa mara ya mwisho hubaki ileile. Ndiyo maana nashika datemodified na kuachana na hiyo nyingine.

Picha ulizopakua kutoka WhatsApp ya kwenye kompyuta zina nafuu, kwani hubeba tarehe kwenye jina. Andika "WhatsApp Image 2024-03" pamoja na alama za kunukuu, zitakuja za Machi peke yake.

Hatua ya 4: Ikiwa bado

Video kubwa zinazojaza diski, tumia size:>500MB. Kama unakumbuka maneno yaliyomo ndani ya barua, andika content: na neno lenyewe. Ila karatasi iliyoskaniwa ikawa PDF ni picha tu, usitegemee maneno yake yapatikane hivyo. Na ukitafuta ndani ya flashi, subiri: Windows huwa haijaiwekea faharasa, yaani orodha ya faili iliyotayarishwa mapema, kwa hiyo inapekua faili moja moja.

Hatua ya 5: Ukiipata

Kwa yule mama yalibaki majibu matatu, mawili yakiwa PDF. Nilibonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya ile ya Publisher, nikachagua Open file location, nikaifungua. Kabla ya kugusa herufi yoyote nilibonyeza F12 nikaihifadhi kwa jina jipya, lenye mwaka na neno harusi, ili ya dada mtu ibaki kama ilivyo. Ndipo nikamgeuzia mama skrini, anitajie jina la bwana harusi herufi kwa herufi.