AED: mashine ya kushtua moyo, na kwa nini pedi hazishiki kwenye kifua chenye jasho

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ofisini, gym au msikitini kwao kumewekwa kasha la AED na hajawahi kulifungua. Mashine yenyewe haina ugumu: ukiiwasha inaanza kukuelekeza, inasoma moyo, na inaamua yenyewe kama shoti inahitajika. Kinachoharibu kazi ni mikono kuondoka kifuani na pedi kutoshika.

1. Je, moyo umesimama?

Mpige mabegani, mwite kwa sauti. Kama haitikii na hapumui kawaida, chukulia moyo umesimama. Usizidishe sekunde 10. Mambo mawili yanawachanganya watu hapa. La kwanza ni mkoromo wa vipindi, mdomo unafunguka na kufunga kama wa samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. La pili, moyo ukisimama mwili unaweza kutikisika kwa muda mfupi, na hapo hakosi mtu wa kusema "kifafa hicho" na kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Usitie kitu mdomoni. Mtikisiko ukiisha, angalia pumzi tena. Na usimmwagie maji. Hayamwamshi, na utayajutia hatua ya 4.

2. Gawa kazi kwa kunyoosha kidole

Ukisema "jamani mtu apige simu", hapigi mtu. Sema: "Kaka mwenye shati jeupe, piga 112. Dada, kalete AED, iko mapokezi." Wa tatu apigie hospitali ya karibu yenye gari la wagonjwa. Anayeleta bajaji mkatalie kwa adabu. Ndani ya bajaji huwezi kukandamiza kifua, na kila dakika inayopita bila kukandamiza wala shoti inamnyima mgonjwa kama asilimia 7 hadi 10 ya nafasi yake ya kupona. Foleni ya kutoka Mbagala kwenda Muhimbili piga hesabu mwenyewe.

3. Kandamiza

Chali, sakafuni, si kwenye kochi. Kiganja kikae nusu ya chini ya mfupa wa katikati ya kifua, kizame sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kila mara. Kama umefundishwa kupuliza pumzi, kandamiza mara 30 kisha puliza mara 2. Kama hukufundishwa, kandamiza tu. Aliyezama baharini ni tofauti kidogo: kwake pumzi ni muhimu, kwa hiyo mwenye ujuzi aanze na kupuliza.

4. Pedi

Washa mashine kwanza, halafu ndiyo ushughulike na nguo. Mwenzako aendelee kukandamiza muda wote huo. Usifungue vifungo kimoja kimoja, kata nguo katikati kwa mkasi, buibui na sidiria vilevile. Kwa mwanamke, akina mama wawili wazungushe khanga iwe pazia, nawe fanya kazi. Kumwonea haya ndiko kunakofanya pedi ibandikwe juu ya nguo, na hapo mashine haisomi kitu.

Pedi moja inakaa upande wa kulia wa mgonjwa, chini ya mtulinga, yaani mfupa wa mbele unaotoka shingoni hadi begani. Ya pili inakaa ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Hii ya pili ndiyo inayokosewa sana: watu wanaibandika mbele, karibu na chuchu, na umeme unapita juujuu bila kuuvuka moyo vizuri. Ipeleke ubavuni kabisa. Kwa mwanamke, inua titi, pedi ikae chini yake na pembeni, isikae juu ya titi.

Sasa ngozi. Dar es Salaam mtu aliyeanguka mchana ana jasho, au ameshamwagiwa ndoo. Gundi ya pedi haishiki maji. Futa kifua kwa taulo kavu, na ubavuni pia, maana jasho hutiririkia huko. Mafuta ya kuchua nayo yafute. Kiraka cha dawa kibandue. Mkufu na hirizi sogeza tu, huna haja ya kukata. Ukiona uvimbe mgumu chini ya ngozi karibu na bega, huenda ni kifaa cha moyo kilichopandikizwa (pacemaker). Weka pedi pembeni yake.

Kifua chenye nywele nyingi kinyoe pale pedi inapokaa tu, kwa kinyoleo cha plastiki cha kutupa. Sipendi wembe mtupu kwenye begi la AED: mikono inatetemeka na utakata watu wawili. Huna kinyoleo lakini una pedi za akiba? Bandika za kwanza, gandamiza, zing'oe kwa nguvu pamoja na nywele, kisha bandika mpya palepale. (Ukimtuma mtu pedi za akiba, mwambie "za mashine", la sivyo ataelekea dukani.)

Bandua karatasi ya nyuma pedi ikiwa tayari kwenda kifuani, moja baada ya nyingine. Ukibandua zote mbili mapema zinashikana zenyewe, au upepo unazijaza mchanga, na zimekwisha. Gandamiza kutoka katikati kwenda kingoni hadi hewa itoke. Mashine ikiendelea kulalamikia pedi, angalia plagi kwanza. Mara nyingi haijazama hadi mwisho.

Mtoto chini ya miaka 8 au kilo 25 anastahili pedi za watoto. Zisipokuwepo tumia za wakubwa: moja kifuani, moja mgongoni, zisigusane.

5. Shoti

Mashine ikisoma, mtu yeyote asimguse mgonjwa. Kama yupo garini, simamisha gari, mtikisiko unaharibu usomaji. Mashine nyingi zinaongea Kiingereza, na tofauti ya "shock advised" (shoti inahitajika) na "no shock advised" (shoti haihitajiki) ni kineno kimoja kinachomezwa na kelele za Kariakoo. Kwa hiyo tazama kitufe cha shoti: kikiwaka, piga kelele "Wote mbali!", kagua kuanzia kichwani hadi miguuni, bonyeza.

6. Rudi kifuani papo hapo

Usitafute mapigo, kandamiza. Isipotoa shoti pia kandamiza. Mashine si mbovu, ni kwamba mpigo ule haurekebishwi na umeme. Itasoma tena baada ya dakika 2. Akianza kupumua, mlaze ubavu, pedi zibaki, mashine isizimwe.

7. Kasha

Lisifungwe kwa ufunguo ulio droo ya meneja. Kila wiki tazama taa ya kijani. Kila mwezi tazama tarehe ya pedi na betri. Ndani weka taulo, mkasi, vinyoleo viwili, glovu na pedi za akiba, na juu bandika namba ya gari la wagonjwa la hospitali iliyo karibu. Usiiache kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani: mashine nyingi zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 50, na gundi ya pedi hukauka hata kabla ya tarehe yake.